Kona ya Dada: Picha Ipi Itundikwe Ukutani?

Mdogo wangu wa Kiromo, barua yako nimeisoma, na zile picha ulizonitumia kwa simu nimezitazama asubuhi, nikazirudia jioni macho yakiwa yametulia. Unasema wewe na mume wako mmehamia nyumba yenu wenyewe, sebule imeshapigwa rangi, ukuta mmoja mkubwa uko mtupu, na mmekubaliana kununua mchoro mmoja wa mandhari ya pwani yetu. Lile bango la maporomoko ya maji na milima ya theluji mlilokuwa nalo mkiwa wapangaji mmeliacha huko huko. Hongereni. Kisha mkaenda Bagamoyo mjini, mkaoneshwa michoro miwili. Mume wako akapenda wa kwanza, wewe ukapenda wa pili, muuzaji akaingilia kati akasema wa kwanza ndio unaotoka, watalii wanaugombania. Ukanyamaza. Sasa unaniuliza: “Dada, mimi sikusoma sanaa. Nitajuaje upi mzuri kweli?”

Hilo la kutosoma sanaa ndilo lililoniuma, kwa hiyo naanza nalo. Wengi mnaoniandikia mna macho mazuri, ila mmeaminishwa kwamba macho hayo hayana ruhusa ya kusema. Mchoro wa pwani ya Bagamoyo unapimwa kwa mambo mawili: mkono wa mchoraji, ambao ndio unaofundishwa vyuoni, na ujuzi wa pwani yenyewe. Huo wa pili unao tangu utotoni. Unajua maji yakipwa mchanga unabaki na rangi gani. Unajua moshi wa mabanda ya kukaangia samaki unalalia upande gani kusi likivuma. Msomi wa sanaa kutoka mbali hakushindi hapo, na ukianza na hayo unayoyajua utakuwa umeamua mengi kabla hujafika kwenye yale usiyoyajua.

Tuitandaze michoro yote miwili, wasomaji wengine nao waione. Kanga hamnunui bila kuitandaza mkaona pindo na mji. Mchoro nao unataka kutandazwa, na vizuri zaidi ukiwa karibu na mwenzake.

Wa kwanza una jua kubwa jekundu linalozama baharini. Anga lote ni la rangi ya chungwa, jahazi moja jeusi liko katikati na tanga limejaa, minazi mitatu imeinama upande wa kulia, na ufukwe ni mtupu kabisa, hakuna hata nyayo. Wa pili unaonesha maji yamepwa. Mashua tatu zimelala ubavu kwenye mchanga wenye tope, fundi ameinama chini ya ubavu wa mojawapo anatia kalafati, akina mama wanne wamesimama na mabeseni, nyuma yao kuna moshi wa mabanda, na anga ni la kijivu kama mvua iko njiani. Hauna jua. Nadhani ndiyo maana muuzaji hakuuhangaikia.

Sasa simama ufukweni kwetu, pale soko la samaki, uielekee bahari. Unatazama mashariki. Jua la Bagamoyo linatoka baharini alfajiri, na jioni linazama nyuma yako, juu ya minazi na mashamba, upande inakokwenda barabara ya Msata. Jua la kuzama baharini ni la wenzetu wa Unguja pale Forodhani, ambao bahari yao iko magharibi. Kwa hiyo mchoro wa kwanza, ambao muuzaji alikwambia ni machweo ya Bagamoyo, ama si machweo ama si Bagamoyo. Huenda mchoraji alichora mawio na muuzaji ndiye aliyebadilisha jina. Muulizeni mchoraji mwenyewe. Akisema ni mawio, muulizeni tena: mbona pwani haina mtu? Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo saa ambayo vyombo vilivyokesha baharini vinarudi, na ufukwe umejaa watu wanaosubiri samaki.

Ukitazama kwa makini zaidi utaona jambo jingine. Makuti ya minazi yake yanapepea kushoto, lakini tanga la jahazi limejaa upepo unaolisukuma kulia. Upepo mmoja, picha moja, pande mbili. Ukiwa umeielekea bahari Bagamoyo, kusi linatoka mkono wako wa kulia na kaskazi linatoka mkono wa kushoto, na chochote chenye kupepea kinatii: makuti, tanga, moshi, bendera, hata buibui la mama anayepita. Nyumba yenu itakuwa na wageni, na miongoni mwao hatakosekana mvuvi au mtoto wa mvuvi. Ataliona kosa hilo kabla hajamaliza soda.

Lakini usikimbilie kuutupa mchoro huo kwa ajili ya jua peke yake. Nikueleze kisa cha Turner, mchoraji mkubwa wa Uingereza. Mwaka 1838 meli ya vita ya matanga iliyoitwa Temeraire, iliyokuwa imezeeka, ilivutwa na meli ya moshi kupanda mto Thames kwenda kubomolewa. Turner akaichora, akauonesha mchoro mwaka 1839, na leo uko katika jumba la sanaa la taifa pale London. Meli ilikuwa inavutwa kuelekea magharibi, kwa hiyo jua la jioni lilipaswa kuwa mbele yake. Turner amelichora jua nyuma ya meli. Tena milingoti ilikuwa imeshang’olewa, yeye akairudisha. Watu wamelisema hilo miaka na miaka, na mchoro bado ni miongoni mwa ile wanayoipenda Waingereza kuliko yote, kwa sababu alikuwa na neno: zama za matanga zinaondoka, zama za moshi zinaingia, na jua linazamia nyuma ya zile zilizopita. Alilihamisha jua kwa kukusudia, na kila kitu kingine ndani ya picha kinaliunga mkono kosa hilo.

Basi ukikuta jua mahali pasipo pake, jiulize limekwenda kufanya kazi gani. Mchoro wa jahazi la mwisho likiondoka Bagamoyo machweo, ukiwa umejaa huzuni hiyo kila pembe, ningeusamehe jua lake. Huu wa mume wako hauna neno la namna hiyo. Jua lipo kwa sababu jua jekundu linauzika, jahazi lipo kwa sababu jahazi linauzika, na minazi vivyo hivyo. Vitu vitatu vimekutanishwa kwenye kitambaa kimoja bila kujuana.

Nitamtetea mume wako kidogo, maana anastahili. Kupenda mchoro ule si ushamba. Mwaka 1975 mwanajiografia Mwingereza, Jay Appleton, aliandika kwamba binadamu huvutiwa na mandhari inayompa mambo mawili kwa pamoja: mahali pa kuona mbali, na mahali pa kujificha asionekane. Fikiria ulivyokaa chini ya mwembe, kivuli kikiwa kimekufunika, bahari yote iko mbele yako. Raha ile ndiyo anayoisema, na minazi mitatu na upeo wa bahari vinatuahidi raha hiyo hiyo. Halafu kuanzia mwaka 1993 wachoraji wawili wazaliwa wa Urusi waliokuwa wakiishi New York, Komar na Melamid, walifanya jambo la ajabu: waliwauliza watu wa nchi mbalimbali kwa kura ya maoni wanapenda mchoro wa namna gani, kisha wakauchora. Majirani zetu Wakenya walikuwa miongoni mwa waliohojiwa. Karibu kila nchi ilijibu kwa namna moja: mandhari, maji, miti, rangi ya bluu. Wako waliosema tumezaliwa hivyo, na wako waliosema ni kalenda za ukutani ndizo zilizotuzoesha.

Mimi niko upande wa kalenda kwa sehemu kubwa. Ingia saluni yoyote kuanzia Bunju mpaka Bagamoyo, ingia migahawa, utakuta maporomoko ya maji ya nchi ambayo mwenye saluni hajawahi kuikanyaga. Picha hizo zimetufundisha kwamba mandhari nzuri ni ile isiyo na mtu, isiyo na tope, isiyo na kazi. Kisha tukigeuka kuitazama pwani yetu tunaona ina kasoro, kwa sababu ina watu.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Pwani ya Bagamoyo haijawahi kuwa tupu. Karne ya 19 misafara ilishuka hapa kutoka bara, wapagazi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa wakiwa njiani kuvushwa Unguja. Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mwaka 1868, na mwaka 1874 mwili wa mmisionari Livingstone ulifikishwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda kwao. Leo kuna wavuvi, mafundi wa mashua, wakaanga samaki, wanafunzi wa sanaa wanaopiga ngoma jioni, na watoto wanaocheza mpira maji yakipwa. Mchoraji anayeufuta umati huo wote akatuachia mchanga mweupe na jahazi moja ameamua kututazama kwa macho ya mgeni aliyekuja kwa siku mbili. Anayo haki ya kuchora hivyo. Wewe nawe unayo haki ya kusema hapa si kwetu.

Tanzania ilikuwa na mchoraji aliyelijua jambo hili vizuri sana, naye ni Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda Slade School kule London, akarudi kufundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yana mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Tazama michoro yake popote utakapoiona. Milima ipo, migomba ipo, vijia vinapanda na kushuka, na kila mahali kuna watu wadogo wadogo wanaofanya kazi: wanakata, wanabeba, wanalima, wanapeleka. Ntiro hakujali sana kuwapa sura. Alijali kwamba mlima ni mlima kwa sababu kuna watu wanaoupanda. Mtu aliyemaliza Slade angeweza kuchora mandhari tupu ya Kizungu akiwa amefumba macho. Hakutaka. Alifariki mwaka 1993, na mimi ninaona ajabu kwamba vijana wengi wanaochora pwani yetu hawajawahi kuoneshwa hata picha moja yake.

Sasa turudi kwenye mchoro ulioupenda wewe, maana sitaki uondoke ukidhani nimeusifu tu. Una makosa. Mashua ya tatu, ile ya mbali, ni kubwa karibu sawa na ya kwanza, kwa hiyo picha imekosa kina. Jicho linatembea hatua chache linagonga ukuta. Wale akina mama wanne wamesimama kwa namna moja, mikono imening’inia, kana kwamba mchoraji alichoka alipowafikia. Kijivu cha anga kimepakwa kwa mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho, wakati anga la mvua lina matabaka. Na mchoro wa kwanza una jambo ambalo wa pili hauna: anga lile la chungwa limechanganywa na mtu aliyezoea rangi. Linatoka njano, linaingia chungwa, linaishia zambarau, na hakuna mahali utakapoonesha kidole useme mpaka uko hapa. Hiyo ni kazi, mdogo wangu. Mwambie mume wako jicho lake liliona kitu cha kweli.

Lakini tazama fundi wa kalafati. Ongeza ukubwa wa picha kwenye simu yako umsogelee. Goti moja liko chini, jingine limeinuliwa, nyundo iko karibu na mwili kwa sababu chini ya ubavu wa mashua hakuna nafasi ya kuirusha, na kidole cha mkono wake wa kushoto kinaibana pamba kwenye mwanya wa mbao. Nyuma ya kisigino chake tope limejaa maji kidogo, na ndani ya maji hayo mchoraji ameweka doa la mwanga wa anga. Doa dogo, dogo kuliko ukucha. Mambo hayo hayapatikani kwenye kalenda wala kwa kukumbuka tu. Ni lazima mtu achuchumae pale maji yakiwa yamepwa, amtazame fundi mpaka fundi amzoee. Ndiyo sababu hata makosa yake nayavumilia: ni makosa ya mtu aliyekuwepo.

Bahari yake nayo ni ya kweli. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini tu ya mji, kwa hiyo maji ya Bagamoyo mara nyingi ni ya kijani kilichochanganyika na udongo, na wakati wa masika hugeuka rangi ya chai ya maziwa karibu na ufukwe. Ile bluu angavu inayong’aa mpaka chini ni ya Nungwi kule Unguja. Mchoraji akiipaka mbele ya soko letu la samaki, ameikopa. Wa kwako amepaka kijani kizito chenye kahawia, na kwa mbali sana ameacha mstari mwembamba wa bluu pale tope linapoishia. Nilipouona mstari ule nilijua nitakushauri nini.

Kwa wengine mnaosoma na mtakaonunua michoro ya namna nyingine, mambo ni yale yale ila kwa vitu tofauti. Mibuyu ya Kaole na ya Misheni hupukutisha majani kiangazi na kuyarudisha mvua zikija. Mbuyu mkavu uliozungukwa na mahindi mabichi ya masika una walakini. Tembo ufukweni si uongo ikiwa mchoro ni wa Saadani, kwa sababu ile ni hifadhi ya taifa inayofika baharini, lakini tembo wa Saadani akiwa na kilele cha Kibo mgongoni, hapo mmeuziwa ramani iliyokunjwa vibaya. Ngalawa ina zile mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Ikiwa na moja, au haina, mchoraji hajawahi kuisogelea. Magofu ya Kaole yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, nayo yana vishimo na weusi wa kuvu. Yakichorwa laini kama ukuta uliotoka kupigwa plasta, yamepoteza miaka yake yote.

Kuna mtu atakayeniuliza: je, Tingatinga nayo tuipime hivyo? Hapana. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake mnawaona mpaka leo Morogoro Stores pale Oysterbay. Mtindo huo hautafuti kivuli wala kina wala saa ya siku. Samaki anaweza kuwa mkubwa kuliko mashua na hakuna kosa lililotendeka. Pale tazama ukali wa mstari, rangi zinavyosukumana, na kama mnyama ana uhai wake au amepigwa muhuri. Ukiuweka mchoro wa Tingatinga kando ya mchoro wa mandhari kama hii yenu, utaudhulumu mmojawapo. Linganisheni jahazi na jahazi.

Ya mkono wa mchoraji nayo hayana siri kubwa. Piga picha ya mchoro kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimegeuka kijivu kimoja, rangi zilikuwa zinakuficha udhaifu. Mchoro wa mume wako ulibaki na jahazi jeusi na weupe nyuma yake, basi, hakuna kingine. Wa kwako ulibaki na njia: mwanga unaanzia kwenye dimbwi la kisigino, unapita ubavuni mwa mashua, unapanda na moshi. Kunja macho nusu, uutazame kutoka upande wa pili wa chumba. Kisha uugeuze juu chini. Wachoraji wenyewe hufanya hivyo kazini, kwa sababu ukiugeuza huoni tena mashua wala mtu, unaona uzito tu, na uzito ukiwa umelalia upande mmoja utaugundua mara moja. Ukimaliza hayo, sogea hadi pua ikaribie kitambaa uone kama brashi ilikuwa na haraka mahali pasipostahili haraka. Kwa kawaida ni mikononi na miguuni. Wachoraji wengi hukimbia mikono.

Halafu tembea. Ingia duka la pili na la tatu. Ukikuta mchoro ule ule, jua lile lile, jahazi lile lile, minazi mitatu ile ile, ujue unatazama nakala ya nakala. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, ametumia maisha yake kuwaambia vijana waache kunakili. Nakubaliana naye, ila siwezi kumtukana kijana anayechora machweo kumi kwa wiki. Ana kodi ya chumba, ana watoto, na sisi wenyeji hatununui. Mnunuzi wake ni mgeni, na mgeni anataka lile aliloliona kwenye tangazo la hoteli. Tukianza kununua sisi, tena tukiuliza maswali ya upepo na maji, atachora kingine. Wengi wao wanaweza. Pale TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, kuna vijana wanaojifunza kuchora kwa kutazama, na wakati wa tamasha la kila mwaka kazi za wasanii huoneshwa na watu huruhusiwa kusimama na kuuliza. Nendeni.

Nakujibu sasa waziwazi: chukueni mchoro wa pili. Kina chake ni kibovu na akina mama wake wamekakamaa, lakini mtautazama kwa miaka bila kuuchoka, kwa sababu kila mkiutazama kuna kitu kidogo kitakachojitokeza ambacho hamkukiona jana. Ule wa kwanza mtaumaliza wiki ya kwanza. Na kwa mume wako usiende na ushindi mkononi. Mketishe mbele ya picha zote mbili, muulize upepo unatoka wapi katika kila moja. Usimwambie jibu. Mwanaume wa pwani akiulizwa upepo atajibu mwenyewe, na akishajibu atakuwa ameamua pamoja nawe. Akibaki na hamu ya anga lile, mna njia ya tatu: mtafuteni aliyelichora mumwagize mchoro mwingine, mawio ya kweli ya Bagamoyo, vyombo vikirudi na watu wakisubiri. Mkono anao. Anachohitaji ni mtu wa kumwagiza kitu chetu.

Mkishanunua, msiutundike ukuta unaopigwa na jua la mchana, wala ukuta unaotoa unyevu masika. Chumvi na kuvu vya pwani hii havihurumii kitambaa. Acheni nafasi ndogo kati ya fremu na ukuta upite upepo. Bei pataneni kiungwana, na mkiweza fedha mkampe mchoraji mwenyewe. Kabla hamjaondoka, mwombeni aandike nyuma ya mchoro jina lake kamili, mahali alipoketi alipokuwa akichora, na mwaka.